Picha za maua, bustani na wanyama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wapiga picha wa ridhaa: watu wanaoinamia maua, wanaovizia ndege na kulala kifudifudi mbele ya vyura kwa mapenzi tu, kisha wakaonyeshana walichokipata. Baadhi ya maswali yanakwisha kwa sentensi tatu. Mengine nimeyatandaza kwa sababu yanarudi kila mara, na mimi mwenyewe yalinichukua miaka kuyaelewa.

Nianze na kamera gani?

Anza na uliyonayo. Kabla hujanunua chochote, chagua ua moja au kiumbe kimoja kilicho karibu nawe, ukipige kila siku kwa wiki mbili. Utajua ua linafunguka saa ngapi, nyuki huja lini, jua huliangukia kutoka upande gani. Hapo ndipo utakapojua umepungukiwa na kifaa gani hasa. Anayevutwa na wadudu atataka lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu sana. Anayevutwa na ndege atataka lenzi ndefu ya kuvuta mbali. Anayependa bustani nzima mara nyingi hahitaji kitu zaidi ya lenzi iliyokuja na kamera yake.

Simu inatosha?

Kwa maua na bustani, inatosha kabisa. Gusa skrini pale unapotaka paonekane vizuri, shikilia mpaka fokasi ijifunge, kisha buruta kidole chini kupunguza mwangaza kidogo, kwa sababu simu nyingi huangaza maua kupita kiasi. Usivute kwa vidole kama simu haina lenzi ya kuvuta, sogea wewe. Jihadhari pia na ile hali ya kufifisha mandhari ya nyuma. Programu hukisia mpaka wa ua, na mara nyingi hula ncha za petali au kuacha kipande cha majani kikiwa wazi katikati ya ukungu. Kuza picha uangalie kingo kabla hujaondoka pale.

Ndege ni habari nyingine. Kwa simu, mpige akiwa mdogo ndani ya mti wake, na mti uwe sehemu ya picha. Usimkimbize.

Kwa nini ua jekundu hutoka kama doa, bila mikunjo wala mishipa?

Swali hili naulizwa kuliko yote, na jibu lake liko ndani ya kamera. Kwenye vihisio vya kamera nyingi (sehemu inayopokea mwanga), nusu ya pikseli husoma kijani, robo husoma nyekundu na robo bluu. Ua jekundu juani huijaza ile sehemu nyekundu mpaka pomoni huku kijani na bluu zikiwa karibu tupu. Kamera inaangalia jumla ya mwanga, inaona mambo ni shwari, inapiga. Kumbe wekundu umeshafurika, na pale ulipofurika hakuna tena tofauti kati ya mkunjo na mkunjo.

Kwa hiyo usitegemee histogramu, yaani grafu ya mwanga, ya mwangaza wa jumla. Fungua ile inayoonyesha rangi tatu mbalimbali, utazame nyekundu peke yake. Ikiwa imegonga ukuta wa kulia, punguza mwangaza kwa hatua moja, yaani nusu ya mwanga, kisha upige tena. Skrini itakuonyesha picha yenye giza kiasi. Usiogope, majani utayaongezea mwangaza baadaye. Piga kwa RAW (faili ghafi la kamera) ukiweza, maana faili hiyo hubeba habari nyingi zaidi kuliko JPEG. Au subiri wingu lipite. Mara nyingi wingu ndilo dawa bora kuliko marekebisho yote niliyoyataja. Maua ya njano iliyokolea nayo yana ugonjwa huohuo, ila pale hufurika nyekundu na kijani kwa pamoja.

Nikimkaribia mdudu, jicho linaonekana vizuri lakini mwili wote ni ukungu. Nakosea wapi?

Hukosei. Ukaribu ndivyo ulivyo. Mdudu akiwa na ukubwa uleule kwenye kihisio kama alivyo maishani, na kihisio kikiwa cha milimita 36 kwa 24, kwa f/8 (namba ya tundu la lenzi: ikikua, tundu hupungua) sehemu inayoonekana wazi ni kama milimita moja tu. Milimita moja! Ukipumua, imeshahama.

Wengi hukimbilia kuziba tundu la lenzi mpaka f/16 au f/22. Utapata milimita mbili hivi, lakini kwa ukaribu huo lenzi hufanya kazi kana kwamba namba imezidishwa mara mbili, f/16 ikawa f/32, na mwanga unaopita kwenye tundu dogo namna hiyo hutawanyika na kulainisha picha nzima. Unapata kina, yaani unene wa sehemu iliyo wazi, unapoteza ukali.

Mimi hufanya mambo matatu, na kwa mpangilio huu. Kwanza hutafuta ubapa: kipepeo aliyekunja mbawa, mpige ubavuni, kihisio kikiwa sambamba na bawa, na bawa lote litakaa ndani ya ile milimita. Pili, hurudi nyuma kidogo na kukata picha baadaye. Ukirudi nyuma kidogo tu, kina huongezeka sana. Tatu, mdudu akiwa ametulia kabisa, hupiga mfululizo wa picha kumi hadi thelathini, kila moja fokasi ikiwa imesogea kiduchu, halafu programu huunganisha zile sehemu zilizo wazi. Njia hii ya tatu inapendeza, lakini watu huivamia kabla hawajaizoea ile ya kwanza, ambayo haihitaji programu yoyote.

Na usihangaike na pete ya fokasi. Ifunge mahali, kisha yumba mwili wako mbele na nyuma polepole, ubonyeze kitufe jicho la mdudu linapong'aa.

Upepo unanisumbua. Nifanyeje?

Upepo huja kwa pumzi: hupuliza, hutulia. Tazama ua bila kamera kwa dakika moja, utaijua ile pumzi, kisha piga wakati wa kutulia, picha tano au sita mfululizo. Kasi ya shata, yaani wepesi wa kamera kufungua na kufunga mlango wa mwanga, isipungue 1/250 ya sekunde. Waweza kushikiza bua kwa kibanio cha nguo kilichofungwa kwenye kijiti, nje ya fremu. Mwili wako nao ni ukuta. Simama upande upepo unakotoka.

Saa gani ni nzuri?

Alfajiri, jua likianza kuchomoza. Wadudu wengi hawawezi kujipasha joto wenyewe kama sisi, kwa hiyo asubuhi yenye baridi kerengende hukaa kwenye unyasi akiwa amefunikwa na umande, hana nguvu ya kuruka, akisubiri jua. Una dakika ishirini, pengine zaidi, za kufanya kazi kwa utulivu na mnyama ambaye mchana hutamkaribia hata hatua tatu. Upepo nao mara nyingi hulala saa hizo.

Kwa maua, siku ya mawingu ni neema, kwa sababu anga lote linakuwa taa moja kubwa laini. Wengi hurudisha kamera kabatini wakiona wingu. Mchana wa jua kali nao una matumizi yake: zunguka mpaka jua liwe nyuma ya petali, uone zinavyowaka kutoka ndani, mishipa yote ikajitokeza. Majani yakiwa yanang'aa kama vioo, kichujio cha kukata mng'ao kitarudisha kijani chake, ingawa kitakula mwanga wa hatua moja na nusu hivi.

Kasi gani ya shata kwa ndege?

Akiwa ametulia, anza na kanuni ya zamani: kasi isipungue moja chini ya urefu wa lenzi, yaani 1/400 kwa lenzi ya milimita 400. Akitembea au kugeuza kichwa, 1/1000. Akiruka, 1/2000 au zaidi. ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, iache ipande. Chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa husameheka na hupunguzika; picha iliyocheza haina tiba.

Bustani yangu ni nzuri kwa macho, lakini picha zake ni fujo tupu. Kwa nini?

Kwa sababu ukisimama bustanini, jicho lako huchagua lenyewe. Linaona waridi, linasahau mpira wa maji, linaruka kigingi na ndoo. Kamera haisahau kitu. Basi kazi ya kuchagua uifanye wewe kabla ya kubonyeza.

Jiulize ni nini kilichokusimamisha pale. Kama ni rangi mbili zinazokaa pamoja, sogea mpaka fremu iwe na hizo mbili tu. Kama ni njia inayopinda na kupotea nyuma ya kichaka, iache njia ianze kwenye kona ya chini ya fremu ili imwingize mtazamaji. Kisha pitisha jicho kwenye kingo nne za fremu, taratibu, kama anayekagua uzio: kuna jani lililojichomeka? Kuna doa jeupe la anga juu? Doa hilo dogo huvuta jicho kuliko ua lenyewe. Mara nyingi hatua moja kushoto, au kupiga magoti, humaliza tatizo.

Magoti, kwa kweli, ndiyo kifaa ninachokithamini kuliko vyote. Ua lililopigwa kutoka juu linafanana na jinsi kila mtu anavyoliona akipita. Shuka mpaka macho yako yalingane nalo, na mandhari ya nyuma, ambayo ilikuwa udongo na mawe karibu kabisa, sasa ni kichaka cha mbali kilichoyeyuka kuwa rangi tupu. Hali kadhalika kwa mnyama: ukiwa usawa wa macho yake, picha inakuwa ya mtu na mwenzake.

Wengine husema picha za maua si upigaji picha wa maana. Una maoni gani?

Anna Atkins alianza mwaka 1843 kutoa picha za mwani kwa karatasi zenye kemikali iliyogeuka bluu juani, wakati fani yenyewe ilikuwa bado changa kabisa. Karl Blossfeldt, mwalimu wa sanaa mjini Berlin, alitumia miaka mingi na kamera alizojiundia akikuza machipukizi na vikonyo hadi mara 30 ili wanafunzi wake wajifunze maumbo. Hakutafuta mimea ya ajabu. Alichukua magugu ya kandokando ya njia. Mtu akikuambia maua ni mepesi, mwombe akupigie moja ambalo hujawahi kuliona hivyo.

Nimkaribie mnyama kiasi gani?

Mpaka pale anapoanza kukuzingatia wewe badala ya shughuli yake. Ndege akiacha kula, akanyoosha shingo, akajikunja kama anayetaka kuruka, umeshavuka mpaka. Rudi nyuma polepole. Akianza kutoa sauti ya kuonya, au akizunguka na mdudu mdomoni bila kutua, ujue kiota kiko karibu na wewe ndiye unayemzuia kulisha makinda. Ondoka, si kwa dakika tano, ondoka kabisa.

Hili nimejifunza vibaya. Miaka ya mwanzo nilisogeza tawi moja lililoziba kiota, nikalifunga kwa uzi ili nipate nafasi safi. Picha ilitoka vizuri sana. Nilisahau kulifungua. Niliporudi siku ya pili jua lilikuwa likipiga moja kwa moja kwenye kiota, na makinda yalikuwa yameachama midomo kwa joto. Nilirudisha tawi nikaondoka. Ile picha niliifuta, na tangu siku hiyo sigusi jani lililo karibu na kiota. Na kwa kawaida kiota chenyewe sikipigi.

Njia bora ya kumkaribia mnyama ni kumwacha akukaribie. Kaa chini, tulia, rudi mahali palepale siku nyingi. Kerengende, kwa mfano, akiruka hurudi mara kwa mara kwenye kijiti kilekile. Hakuna haja ya kumfuata. Elekeza lenzi kwenye kijiti, ungoje.

Je, ni sawa kuweka chambo, kuchezesha sauti za ndege kwenye simu, au kumweka mdudu kwenye friji ili atulie?

Friji, hapana. Mdudu aliyepozwa huonekana kwenye picha: miguu imekaa vibaya, antena zimelegea, na anayewajua wadudu atagundua mara moja. Zaidi ya hayo ni ukatili, na wengine hufa. Sauti za kurekodi humfanya ndege aache mambo yake akatafute adui asiyekuwepo, na wakati wa kuzaliana hiyo ni nguvu anayoihitaji kwa makinda. Siifanyi. Kumtupia bundi panya hai ili aruke mbele ya kamera humzoesha kufuata watu na kushuka karibu na barabara.

Beseni la maji safi bustanini au mimea yenye nekta ni jambo tofauti. Wanakuja wakitaka, wanaondoka wakitaka. Safisha beseni tu, kwa sababu maji machafu husambaza magonjwa.

Na flashi?

Kwa wadudu, sioni shida, mradi mwanga uulainishe kwa karatasi nyeupe au kitambaa chepesi. Bila hivyo mgongo wa mdudu utakuwa na doa jeupe kama kioo. Kwa wanyama wa usiku kuwa mwangalifu zaidi: macho yao yamezoea giza. George Shiras alikuwa wa kwanza kuwapatia watu wengi picha za wanyama usiku kwa kutumia unga wa flashi. Jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74 mwezi Julai 1906. Tunamheshimu kwa hilo, lakini leo tuna vihisio vinavyoona kwenye giza alilolihitajia moto. Tumia ISO kwanza.

Naweza kuhariri mpaka wapi?

Mwangaza, rangi, kukata, kupunguza chembechembe: hariri upendavyo. Kuondoa unyasi uliopita mbele ya uso wa mnyama: ukifanya, sema. Kuongeza ndege ambaye hakuwepo, au kubadilisha anga: hiyo imeshakuwa kazi nyingine ya sanaa, halali kabisa, ila usiilete kama kitu ulichokishuhudia.

Watu hunijibu kwamba hakuna anayejali. Wanajali. Mshindi mkuu wa shindano la Wildlife Photographer of the Year la 2009, picha ya mbwa mwitu akiruka lango, alivuliwa ushindi mwaka 2010 baada ya waamuzi kuona kuwa yaelekea mnyama yule alikuwa amefundishwa. Mwaka 2018 picha nyingine iliyoshinda kwenye kundi lake iliondolewa baada ya uchunguzi kuonyesha kuwa yaelekea sana mla-mchwa aliyemo alikuwa mnyama mfu aliyekaushwa kwa maonyesho. Picha zote mbili zilikuwa za kuvutia. Kilichoziangusha ni maelezo, si mwanga wala fokasi. Vivyo hivyo ukipiga simba aliye kizuizini, andika hivyo tu. Picha nzuri ya simba wa kizuizini bado ni picha nzuri.

Niandike nini chini ya picha?

Jina la kiumbe kama unalijua, mwezi, mazingira yake, alikuwa akifanya nini, na jinsi ulivyompata. Hilo la mwisho wengi huliacha, na ndilo linalofunza wenzako. Kama jina hulijui, sema hulijui, na wasaidie watakaokusaidia: kwa mmea, ongeza picha ya jani juu na chini, bua, na ua kutoka ubavuni. Ua peke yake mara nyingi halitoshi kutofautisha ndugu wawili wa jamii moja.

Ukipeleka picha zako iNaturalist, mtandao wa kutambua mimea na wanyama, huko wataalamu na wapenzi wengine watazijadili jina, na zenye tarehe, mahali na makubaliano ya wachangiaji hutumika katika utafiti. Mmea uliopandwa bustanini utie alama kwamba umepandwa, usije ukaonekana kama umeota mwituni.

Nitaje mahali nilipopiga?

Kwa kipepeo wa kawaida, taja. Kwa kiota, kwa bundi anayelala mchana, kwa okidi adimu, kwa mnyama anayewindwa, usitaje, na uhakikishe faili nayo haitaji. Simu nyingi huandika mahali ndani ya picha yenyewe. Zima kipengele hicho au kifute kabla ya kutuma. Angalia pia kilichomo nyuma: mlima unaojulikana au kibao cha njia kinasema yote.

Watu wananiambia "nzuri sana" tu. Nitapataje maoni ya maana?

Uliza swali lenye mipaka. "Mnaionaje?" huzaa "nzuri sana." Lakini ukiuliza "jicho lako limeenda wapi kwanza?" au "lile jani la kushoto linasaidia au linaharibu?", mtu atalazimika kuitazama picha kweli. Lete picha moja, si kumi na mbili zinazofanana. Kuchagua ni kazi yako. Na eleza ulichotaka, ili wakupime kwa nia yako.

Na mimi nitoeje maoni bila kumuumiza mtu?

Tazama picha kwa nusu dakika nzima kabla hujaandika neno. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani. Kisha eleza unachokiona kabla ya kusema unachokipenda: "Nimeona kwanza umande, halafu kichwa cha nyuki, halafu nikavutwa na weupe ule wa kona ya juu." Mwenye picha atajua mwenyewe la kufanya na weupe ule. Hukumu kama "fremu mbovu" haimpi kitu cha kushika. Ukipendekeza jambo, liwe linawezekana siku ya pili: shuka chini, ngoja wingu, sogea kulia. Kumwambia mtu anunue lenzi nyingine si maoni juu ya picha yake.

Mgeni anayeleta ua lake la kwanza, mtafutie kile alichokipata sawasawa, ukitaje kwa jina lake. Huwa kipo.

Kwa nini rangi zangu hupauka nikizituma?

Mara nyingi picha imehifadhiwa kwa Adobe RGB, mfumo wa rangi ambao skrini na programu nyingi hazuonyeshi sawasawa. Unapoitoa kwa ajili ya skrini, chagua sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa skrini. Na ipunguze ukubwa mwenyewe badala ya kuiachia huduma ya kutuma ujumbe iibane.

Picha niliyoionyesha bado ni yangu?

Ndiyo, kuionyesha hakukuondolei haki. Ukitaka wengine waitumie kwa masharti unayoyajua, weka leseni ya Creative Commons: BY inawataka wataje jina lako, NC inazuia matumizi ya kibiashara, ND inazuia kuisambaza ikiwa imebadilishwa. Wewe nawe ukitaka kumwonyesha mtu marekebisho juu ya picha yake, muulize kwanza.

Nina picha mia nne za ua moja. Nibaki na ngapi?

Siku ileile futa zilizocheza tu. Zilizobaki ziache wiki moja, mpaka usahau tabu uliyoipata magotini, halafu zifungue kama za mtu mwingine. Mimi hubaki na mbili: moja niliyoipenda, na moja iliyonionyesha kitu ambacho sikukiona nilipokuwa pale. Hiyo ya pili ndiyo ninayowapelekea wenzangu.